Fundi, bomba moja la kushushia maji linatosha?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeagiza tangi la kioo la samaki wa baharini: urefu mita 2, upana sentimita 70, kimo sentimita 65. Maji yatamwagikia kwenye kisanduku cha kona, yashuke hadi tangi la chini la lita 200 lenye vichujio, kisha pampu iyarudishe juu. Fundi bomba wangu anasema tundu moja la inchi 2 linatosha. Nimkubalie? Na umeme ukikatika usiku, sebule itapona?
Msomaji, Muyenga, Kampala

JIBU: Ndugu yangu, usimkubalie. Nadhani anafikiria tangi la plastiki la juu ya paa, ambalo bomba lake la kumwaga maji ya ziada hufanya kazi siku boya likiharibika tu. Lako litashusha maji mchana na usiku, mwaka mzima. Konokono mmoja akiziba tundu hilo, pampu haina habari. Itaendelea kupandisha maji mpaka yafike kwenye zulia. Tena bomba linalovuta maji na hewa pamoja hukoroma usiku kucha.

Toboa matundu mawili ya kushushia. Bomba la kwanza mdomo wake ubaki ndani ya maji kisandukuni, na huku chini lifungwe geti vali, ile inayofungwa taratibu kwa kuzungusha mara nyingi. Ukiikaza polepole, maji yatapanda kisandukuni, bomba litajaa maji matupu, na kelele itakwisha. Bol vali usiiweke hapo, maana robo mzunguko imeshafungua yote. Huwezi kuirekebisha kidogo kidogo. Bomba la pili, ndani ya kisanduku, liwe refu kuliko la kwanza. Hilo ni la dharura, na vali lisiwekewe kabisa. Mwisho wake uwe juu ya maji ya tangi la chini, ili likianza kumwaga kwa nguvu ulisikie. Lile la kwanza liishie sentimita 2 au 3 tu ndani ya maji. Likizama sana, hewa hukosa pa kutokea na umeme ukirudi bomba halijai. Wafugaji wa matumbawe huuita mpangilio huu Herbie. Upo pia wa mabomba matatu, BeanAnimal, ambao ni salama zaidi kama kisanduku kina nafasi.

Sasa umeme. Hapa ndipo sebule nyingi huharibika, kwa hiyo shika kalamu. Eneo la maji yako ni mita 2 kwa 0.7, yaani kila sentimita 1 inayoshuka ni lita 14. Pampu ikizima, maji yaliyo juu ya ukingo wa kisanduku yatashuka. Tuseme sentimita 2, lita 28. Bomba la kurudishia nalo litanyonya maji kinyume mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo ukiwa sentimita 2 chini ya ukingo, unaongeza lita 28 nyingine. Ukiwa sentimita 20 chini, ni lita 280, na tangi lako la chini ni la lita 200! Kwa hiyo mdomo uwe karibu na uso wa maji, na maji ya tangi la chini yasizidi lita 120 pampu ikiwa kazini, kwa sababu maji ya ndani ya mabomba na kisanduku nayo yatashuka. Vali ya kuzuia maji kurudi usiitegemee peke yake. Chumvi na mwani huifanya isifunge sawasawa.

Vifaa vyote viwe PVC. Koki ya shaba hata moja usiruhusu: shaba huua kamba na matumbawe. Weka yunioni, yaani kiungo cha bomba kinachofunguka, kila upande wa pampu, uweze kuitoa kuiosha bila msumeno. Muulize pia muuza kioo kama kioo cha upande utakaotobolewa kimeimarishwa kwa moto. Kama ndivyo, drili ikigusa tu kinapasuka chote.

Gundi ikishakauka saa 24, jaza maji ya bomba ya kawaida, washa pampu, kisha izime na utazame maji ya chini yanaishia wapi. Halafu ziba bomba la kwanza kwa mkono na uone kama la dharura linamudu peke yake. Rudia hata mara kumi. Chumvi ije baadaye, kwani tangi hilo linahitaji takribani kilo 32 za chumvi maalumu ya akwaria, nayo ni ghali. Ile ya Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, haifai, madini yake si ya bahari.