Tuta la dawa nyuma ya jiko: maswali yenu ya mitishamba

Juzi nilitaja humu tuta langu la dawa, hatua nne kutoka mlango wa jiko hapa Moshi, na maswali yakamiminika. Naanza na haya matano.

Haya mambo ya bustani ya mitishamba si ya Wazungu? Sisi dawa tunachuma porini. (Msomaji wa Sanawari, Arusha)

Wazungu wanazo za zamani, hilo sikatai. Huko St. Gallen, Uswisi, imehifadhiwa ramani ya monasteri, yaani makao ya watawa, iliyochorwa karibu mwaka 820. Ndani yake kuna bustani ya dawa yenye matuta 16, kila tuta limeandikwa jina la mmea wake. Ukisoma majina hayo utadhani umeingia duka la viungo: uwatu, bizari nyembamba, mnanaa, rozimari, hata mawaridi. Kinachonivutia zaidi ni mahali ilipowekwa, jirani kabisa na nyumba ya tabibu. Mtu akizidiwa, dawa haifuatwi mbali.

Sasa niambie kihamba, shamba letu Wachagga linalozunguka nyumba, kina tofauti gani na hapo. Bibi yangu kule Kibosho hakuwa na matuta wala vibao. Migomba juu, kahawa chini yake, na katikati vichaka ambavyo sisi watoto tuliviona magugu, mpaka siku ulipoumwa tumbo akaenda moja kwa moja kwenye kichaka kimoja bila kuuliza mtu. Ramani ilikuwa kichwani mwake. Ubaya wa ramani ya kichwani ni kwamba alipofariki, aliondoka nayo.

Na kuhusu porini, taratibu. Mti uitwao kitaalamu Prunus africana, ambao unaota hadi mlimani kwetu, umebanduliwa sana magome kwa ajili ya dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya, kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa.

Mama mkwe kaniletea pakanga, anataka tunywe chai yake kila siku tusipate malaria. Tunywe? (Mama wawili, Usa River)

Mama mkwe mshukuru, ila chai hiyo usiitegemee.

Hakukosea ukoo wa mmea. Mchina Ge Hong aliandika katika karne ya 4 kwamba pakanga ya kwao, Artemisia annua, ilowekwe kwenye maji, ikamuliwe, na maji hayo yanywewe kutibu homa. Hakusema ichemshwe. Miaka zaidi ya 1,500 baadaye mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alilisoma andiko hilo, akahisi kwamba huenda moto ndio unaoharibu dawa, akajaribu kuikamua kwa joto dogo. Ndipo ikapatikana artemisinini, dawa ya malaria, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto unayopewa zahanati imetokana na hiyo.

Tatizo la kikombe ni kipimo. Pakanga ya huku wakati mwingine ni Artemisia afra, mmea mwingine kabisa. Hata ukiwa na ile yenyewe, leo utakunywa kali, kesho nyepesi, na vimelea vikionjeshwa dawa kidogo kidogo vinaweza kuizoea. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo, si kwa kinga wala kwa tiba. Mtoto akipata homa, kapime.

Mche wangu wa rozimari una kibao "officinalis". Ndiyo kampuni iliyouotesha? (Kijana wa Pasua)

Umenichekesha, kaka. Ni Kilatini: officina ilikuwa chumba cha kazi, na kwenye monasteri ndimo dawa zilimohifadhiwa. Mmea wenye jina hilo ujue ulikuwa wa dukani kwa mtabibu. Tangawizi nayo ni Zingiber officinale.

Mwarobaini unatibu magonjwa 40 kweli?

Hakuna aliyeyahesabu. Mti wenyewe tumeupata kutoka Bara Hindi. Mimi natwanga mbegu zake, naloweka usiku kucha, nachuja na kunyunyizia sukuma wiki. Wadudu hawaupendi uchungu ule. Mafuta yake usimnyweshe mtoto hata kidogo.

Nimeona picha ya tuta lako. Masale yanafanya nini kwenye dawa? Hayo si ya mpaka? (Mzee wa Marangu)

Shikamoo mzee. Ni ya mpaka kweli, nimeyapanda kuzuia mbuzi wa jirani. Hayakuzuia kitu. Pasaka waliingia wakala mnanaa wote na nusu ya mchaichai. Jioni kijana wao akasimama mlangoni, kichwa chini, ameshika jani la sale. Wewe unajua kwetu mtu akikujia na jani hilo anaomba msamaha, na kulikataa ni vigumu. Nikalipokea, nikamkaribisha chai. Ilikuwa ya rangi tupu, maana mchaichai uliobaki ulikuwa visiki.

Rozimari hawakuigusa.