Unataka kumlea mbwa mlemavu? Kaa kwanza tuongee

Saa kumi na moja alfajiri, hata mswaki sijagusa, nimechuchumaa kwenye korido na beseni bovu, mbwa kanipa mgongo, namkamua mkojo. Nimefanya hivyo miezi saba, mara nne kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Naanza na hilo makusudi kwasababu kila nikiweka picha yake akiwa na kigari chake napata meseji za "jamani dada na mi nataka mmoja kama huyo", sasa kwenye picha si mkojo hauonekani.

Aligongwa na gari huku kwetu Kimara, barabara ya Morogoro, akapooza miguu ya nyuma, watu wakamburuta pembeni akabaki hapo. Kuna kikundi kinaokoa mbwa wa mitaani wakamchukua wakamtibu, ila pa kumweka hawana, ndo nikapigiwa simu mimi, fundi cherehani nashonea nyumbani, "si uko ndani siku nzima wewe?" Wiki mbili tu, wakasema. Wiki mbili za watu wa wanyama shoga yangu usizihesabu kwa kalenda. Jina nililompa mimi halikufika mbali, watoto wa pale nyumbani walivyoona kichwa mbele na matairi nyuma wakaanza Kirikuu, Kirikuu, kama vile vigari vidogo vya mizigo, basi ikawa Kirikuu.

Kabla ya huruma kuna kitu kimoja naomba ukisome mara mbili. Mbwa wa mtaani ambaye miguu imelegea ghafla na hakuna aliyeona akigongwa, usimbebe kwa mikono mitupu. Watu wengi tunajua kichaa cha mbwa ni yule anayetoka povu anakimbiza watu, kumbe kuna kile cha kupooza, mbwa yuko kimya kabisa, mpole, taya limelegea mate yanachuruzika hawezi kumeza, na we kwa roho nzuri unaingiza mkono mdomoni ukidhani kakwamwa na mfupa. Ukishang'atwa au mate yakaingia kwenye kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe sindano, usisubiri kuona itakuwaje, maana dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa. Na mbwa unayemleta ndani achanjwe. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi huwa wanachanja bure, ila kama tuko Februari usiniambie unasubiri Septemba.

Sasa, amepooza kiasi gani? Hapa ndo wengi tunajidanganya. Siku ya kwanza nlimfinya kidole cha mguu wa nyuma akavuta mguu, nikapiga vigelegele, nikawapigia wale wa kikundi kwamba anahisi jamani atatembea. Daktari wa mifugo alivyokuja akacheka kidogo, akachukua koleo akambana kidole kwa nguvu, mguu ukavutika vilevile, akaniambia usiangalie mguu, angalia uso. Nikaangalia uso. Kirikuu alikuwa anatazama kuku nje, hana habari kabisa. Mguu kuvutika ni kazi ya uti wa mgongo wenyewe, habari haijafika kichwani. Mbwa anayehisi angegeuka, angelia au angetaka kung'ata. Muulize daktari swali hilo waziwazi kabla hujakubali, anahisi maumivu au hahisi, kwasababu ndo litakwambia kama unajipanga kwa miezi michache ya mazoezi au kwa maisha yote ya beseni. Na kama daktari anasema huyu anateseka, bora apumzishwe kwa sindano, msikilize. Niliwahi kukubali hilo kwa mbwa mwingine kabla ya Kirikuu na sijutii, ingawa nlilia.

Turudi kwenye beseni. Mbwa aliyekatika mawasiliano ya nyuma wengi hawawezi kukojoa wenyewe, na mtego mkubwa ni kwamba utaona mkojo sakafuni useme mbona anakojoa. Hakojoi huyo, anafurika! Kibofu kimejaa mpaka kinamwaga cha juu, kama tanki la kwenye paa ambalo mtu kasahau kufunga maji, na ule wa ndani unabaki unaoza, unaleta maambukizi mpaka kwenye figo. Unatakiwa umkamue. Daktari alinishika mikono yangu miwili akaiweka huku na huku ya tumbo, mbele kidogo ya mapaja, akasema tafuta puto la maji. Siku tatu sikulipata, nlikuwa nafinya utumbo tu, mbwa ananiangalia kama ananionea huruma yeye. Siku ya nne likaja, duara, gumu kidogo, ukubwa wa chungwa, linateleza kwenye vidole. Hufinyi kwa ncha za vidole, unabana kwa viganja taratibu kuelekea mkiani, unashikilia, hauachii haraka, mkojo unatoka kwa mkondo mmoja, ukikatika unatafuta tena puto mpaka lisiwepo. Usijifundishe mwenyewe kwa video tu, kibofu kinaweza kupasuka, shikwa mkono na anayejua.

Na unusie. Najua nasikika kichaa ila kila mkojo naunusa na kuutazama rangi. Ukianza kunuka kama wa chooni cha stendi, ukawa na ukungu au damu, hiyo ni dawa ya daktari, sio maji ya madafu. Choo kikubwa wala hakisumbui, boga la kuchemsha kwenye chakula na kumgusagusa pale nyuma kwa pamba yenye maji, anatoa mwenyewe. Kingine asinenepe. Mi nlikuwa namjazia ugali na dagaa kwa huruma, "maskini hatembei angalau ale", akafika kilo 17 kutoka 14, na uzito wote huo unakaa kwenye mabega mawili. Nikapunguza.

Ngozi ndo ilinifedhehesha. Nlimtandikia gunia juu ya sakafu, nikaona poa, mbwa wa mtaani kazoea kulala chini. Siku ya nne namgeuza nakuta nyonga imetoka kidonda kama shilingi mia, na huku mapajani pamebabuka kwasababu ya mkojo, pamekuwa pekundu kama mtu aliyeungua na chai. Mbwa asiyehisi hajigeuzi, hajui kama anaumia, kwahiyo we ndo unakuwa hisia zake. Nikanunua kipande cha sponji nene nikakivalisha mpira wa meza, juu yake kanga kuukuu mbili za kubadilisha, namgeuza ubavu kila masaa matatu manne, namwosha kwa maji ya uvuguvugu, namkausha KABISA halafu mafuta ya mgando kidogo. Pampasi ya mtoto unaitoboa tundu la mkia, sawa, ila ni ya masaa mawili mgeni akija, usimlaze nayo usiku kucha, nlifanya hivyo mara moja nikarudi kwenye wekundu upya. Na nzi, jamani nzi wa Dar. Kidonda kikiachwa wazi mchana mmoja tu unaweza kukuta funza, na kuna wale wanaotaga kwenye mchanga wenye mkojo na nguo mbichi, wanaingia chini ya ngozi unaona kijipu kina tundu. Kanga zake zote napiga pasi hata kama fundi mwenzangu ananicheka.

Hapo kwenye dawa, ngoja niseme haraka. Jirani yangu mmoja, mama mzuri tu ana duka, alinipa vidonge vya diklofenaki, "mpe nusu hata mimi mgongo ukiniuma natumia." Usimpe. Diklofenaki, brufeni, panadoli, hizi zetu za dukani zinaweza kumharibu mbwa tumbo, figo au ini, na mbwa hatakwambia. Kuna dawa zao za maumivu, uliza daktari wa mifugo. Madaktari wengi wa mifugo huku kwetu wamezoea zaidi ng'ombe na kuku kwasababu ndo kazi iliyopo, kwahiyo usione aibu kuuliza umewahi kutibu mbwa aliyepooza? Wangu aliniambia wazi kwamba wewe ni wa tatu, na bado alinifaa sana.

Kigari sasa, maana najua ndo mlichokuja kusoma. Cha dukani kutoka nje ni hela ndefu. Cha kwangu ni bomba za plastiki za nusu inchi, elbo na tii za fundi bomba, gundi, na matairi ya kigari cha mtoto cha mtumba, jumla kama elfu 35 na jioni mbili za kubishana na mdogo wangu. Cha kwanza tulikosea, tulimpima akiwa amelala, alivyosimama makalio yako juu pua inagusa chini, anaonekana kama anasoma sakafu. Pima akiwa ameshikiliwa amesimama, mgongo uwe sawasawa kama meza, miguu ya nyuma iguse chini kwa mbali au ining'inie kidogo. Mikanda nimeshona mwenyewe kwa mkanda wa begi na jinzi kuukuu, ndani nimeweka sponji, na bado kila akivuliwa naangalia kwapani na kwenye mapaja kama kuna pekundu. Anza dakika 10, 15, wala usimwache nacho peke yake kwasababu hawezi kukaa wala kulala akiwa amefungwa. Mi nlijibu simu ya mteja wa sare, dakika tano tu, Kirikuu akaona jogoo wa mama mwenye nyumba, akamfukuza na kigari chake kokoto zinaruka, jogoo akavuka mtaro, yeye hakuvuka. Tulimkuta matairi juu, yanazunguka, na mkia hautikisiki ila uso wote unacheka. Mama mwenye nyumba hakucheka.

Ndo nije kwa majirani, ambao kwa maoni yangu ni kazi kuliko mbwa mwenyewe. Ukiwa umepanga, ongea kabla hujamleta, sio baada. Huku pwani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, kwao mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo kikilambwa kinaoshwa mara saba na moja wapo kwa udongo, kwahiyo usimfanye mtu aonekane hana huruma eti kwasababu hataki mbwa apite kwenye bomba la maji la wote. Nilienda kwa mzee wa chumba cha mwisho nikamwamkia, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akanisimulia ile hadithi ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, akasema "kumtunza ni thawabu mwanangu, ila kanzu yangu asiiguse." Tukapanga: Kirikuu anatoka uani nyakati ambazo mzee hayuko njiani kwenda msikitini, beseni lake lina alama nyekundu halichanganyiki na ya watu, na korido naipiga deki na dawa kila siku. Miezi saba hatujagombana. Aliyenisumbua ni mwingine kabisa, ambaye kila akipita anasema "binadamu hawana hela za dawa wewe unamvalisha mbwa pampasi." Mwanzoni nlikuwa najibu. Siku hizi namuuliza tu kama anashona au anapita.

Kama unasoma hapa unaona mbona mzigo, basi anza na mlemavu mwepesi, wapo. Wa miguu mitatu hakuhitaji kabisa, ukimdhibiti unene anakukimbia. Kipofu anachotaka ni usihamishe makochi na umwongeleshe kabla hujamgusa. Kiziwi unamfundisha kwa mikono, unapiga mguu chini asikie mtetemo, ila usimwache karibu na barabara. Nliwahi kukaa na kipofu wiki sita, kazi aliyonipa ni kumtoa kwenye ndoo ya nyanya mara moja.

Sasa kuna la mwisho, la kumtoa, kwasababu kulea kwa muda maana yake ataondoka, na mtu akisema anamtaka unajikuta unamtafutia kasoro. Mi nlimtafutia kasoro mwalimu mmoja mstaafu wa Kibaha na mkewe, nikasema ni wazee, mbali, wana ngazi. Hawana ngazi. Nikawapa masharti, waje nyumbani mara mbili wajifunze kumkamua kwa mikono yao mbele yangu, wasipopata hawaondoki naye. Mwalimu akakataa miwani akasema anatumia vidole sio macho, mara ya pili akalipata puto kabla yangu. Nikawaandikia karatasi mbili nyuma na mbele: saa za mkojo, dalili, namba ya daktari, kwamba anaogopa honi ya bodaboda na anapenda maganda ya tikiti. Wakampakia na kigari chake na sponji lake.

Usiku huohuo saa nne na robo simu, video. Mwalimu yuko sakafuni na fulana, mkewe kashika tochi, Kirikuu kageuza shingo anaangalia kamera. "Binti yangu, hakuna kitu, tumejaribu nusu saa." Nikamwambia shuka chini kidogo, mbele ya paja, viganja sio vidole, usikimbilie. Kimya. Nasikia saa ya ukutani kwao. Halafu nikasikia beseni, na mama akaanza kucheka kabla ya mwalimu hajasema, "Imetoka."