Kufuma kwa sindano mbili kulitangulia kroshia, tena kwa karne nyingi

Kufuma ndiko kukongwe. Vipande vya zamani zaidi vya kufuma halisi vilivyobaki ni soksi za pamba kutoka Misri, za kati ya karne ya 11 na ya 14, zenye mapambo ya buluu na nyeupe. Kazi ni safi mno kuwa ya wanaoanza, kwa hiyo ujuzi wenyewe lazima ulikuwepo kabla ya hapo.

Kroshia ni ya juzi tu. Maelekezo yake ya mwanzo kuchapishwa yalitokea katika jarida la Uholanzi, Penélopé, mwaka 1823, kisha ikashamiri Ireland wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, ambako familia nyingi zilijipatia riziki kwa kuuza lesi.

Angalizo moja, maana hapa ndipo wengi hukosea: zipo soksi nyingine za Misri, za kama karne ya 3 hadi ya 5, zenye kidole gumba kilichotengwa ili zivaliwe na ndala. Ukizitazama utaapa zimefumwa. Hazikufumwa. Zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, na kila tanzi uzi wote ulipitishwa mpaka mwisho, ndiyo maana walitumia vipande vifupi vya uzi na kuviunganisha. Nimejaribu mbinu hiyo mwenyewe: ukivuta uzi, kazi haifumuki. Sweta ya kufuma ukiivuta uzi wa mwisho, inafumuka yote.