Kabla hujamwaga zege, pima mita 30 kutoka KATIKATI ya barabara

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema kiwanja ni 20 kwa 20, kipo kando ya barabara kuu iendayo mkoani, unataka fremu mbele na ghorofa moja nyuma, unauliza uache mita ngapi kwa jirani na kibali ni shilingi ngapi. Halafu ukagusia kwamba dalali amekuhakikishia: bikoni ya mbele (jiwe la mpaka wa kiwanja) iko mita 24 kutoka katikati ya barabara, "sheria inataka 22.5, hapa huguswi".

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2012. Neno kwa neno.

Hiyo 22.5 ni ya zamani! Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka mita 30 kila upande kwa barabara kuu na za mkoa. Piga hesabu: kati ya mita zako 20, sita zimo ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo la barabara lisiloruhusiwa kujengwa. Na fremu zako umezipanga hapo hapo.

Ukuta wangu wa sebule ulikuwa mita 25. Nilikuwa nimeshapaua, nimepiga plasta, nimeweka madirisha. Siku moja nafika saiti nakuta X nyekundu, rangi bado mbichi, imechuruzika hadi kwenye kizingiti. Nyumba ya pili, ya mzee aliyejenga miaka ya tisini, umbali ule ule, iliwekewa X ya kijani. Kijani maana yake fidia. Yeye barabara ilimfuata. Mimi niliifuata barabara. Sikupata hata senti. Nilibomoa mwenyewe ili niokoe mabati na nondo. Tofali nyingi zilivunjikia mikononi. Mke wangu alikaa kivulini siku nzima ananyoosha misumari, hasemi kitu.

Dalali yule alijua. Kiwanja hicho hicho kilishamshinda mtu mwingine kabla yangu. Na mwenyekiti wa mtaa aliyegonga mhuri kwenye hati ya mauziano alichukua asilimia yake akijua vilevile. Nilipomrudia akaniambia yeye ni shahidi tu wa mauziano, hapimi ardhi. Mpaka leo nikipita pale koo linakauka.

Na usikariri hata hiyo 30. Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, hifadhi ilikuwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 watu walivunjiwa nyumba walizoishi miaka na miaka. Andika barua kwa ofisi ya barabara ya mkoa, taja barabara na eneo, subiri jibu la maandishi. Jibu la mdomo usilipokee.

Kama hujamalizia malipo, usitoe tena hata shilingi. Leo jioni chukua futi ya mita 50 na mtu wa kukushikia upande wa pili, mwangalie magari, anzeni kwenye mstari wa katikati. Pale 30 inapoishia chomeka kigingi, piga picha, iweke hapa tuione.