Kabati Halifungiki? Anza na Vitenge vya Arusi za Watu

Dada mmoja wa Bagira ameniandikia wiki hii: kabati lake halifungiki tena, na mume ameanza kutundika mashati yake kwenye msumari nyuma ya mlango. Anauliza kama anunue la pili. Usinunue, dada yangu. La pili nalo litajaa kabla ya Pasaka.

Langu linafungika, hata ufunguo unazunguka, na sioni haya kujisifu. Nilipomwaga kila kitu kitandani, nguo ninazovaa kweli zilikuwa fungu dogo tu. Lundo lenyewe lilikuwa vitenge: cha arusi ya binamu, cha matanga, cha kwaya, na vile vya Machi 8, siku ya wanawake, na maandishi yake. Unajua mambo yetu hapa Bukavu. Familia ikishachagua kitenge, unatoa dola, unachukua yadi 6 nzima, libaya, yaani blauzi, na viwili vya kujifunga, unavaa siku moja, mnapigwa picha, basi.

Vingine havikuwahi kufika kwa fundi. Kimoja nilikikunjua, karatasi ya dukani ingali imebandikwa, na kwenye mkunjo vidoadoa vya kijivu vimejipanga mstari, vinanuka ukungu. Mvua yetu inaanza Septemba hadi Mei. Kitenge kilichofungiwa kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya kabati linalogusa ukuta wa nje, hakiponi. Naftalini inafukuza nondo, ukungu haiuwezi. Sogeza kabati mbali na ukuta kidogo, toa mifuko, na kazi kubwa uifanye Juni hadi Agosti, jua la kuanika likiwepo.

Kukunja na kupanga utajua mwenyewe. Shida ni kutoa.

Kitenge cha arusi ya wifi yangu nilimpa mama anayeniuzia sambaza, vile visamaki vya ziwani. Akashona libaya zuri, akaenda nalo kanisani, na wifi akaliona. Hakunisemesha mpaka Noeli. Hadi leo, tukikaa kwenye kikao cha familia, lazima arushe neno: “Wengine zawadi wanagawa sokoni.” Zawadi gani, nami nilikilipia? Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini kwangu kilikuwa kinaoza. Yule mama anakivaa kila Jumapili.

Wanawake wenzangu, tuambiane ukweli: tunanunua kwa kuogopa kusemwa. Ukiendelea kuogopa, hata kabati kubwa kama kanisa halitakutosha. Toa. Kitenge kilichomaliza mwaka bila kushonwa, kipeleke soko la Kadutu ukiuze kingali kipya, au mpe mtu atakayekivaa. Halafu toa tena. Na wakikuletea habari ya arusi ijayo, jibu siku hiyohiyo, kabla mwenye kukusanya pesa hajaagiza: “Mama, kitenge sichukui, bei yake naileta kwenye chakula.” Watanung’unika. Kwangu walinung’unika, wifi akiwa mbele, na chakula wakala.