Filamu ya dakika 7: wazo tulitoe wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tuko wanne, tunasoma stashahada ya filamu Dodoma. Mradi wetu wa mwisho ni filamu ya dakika 7. Tuna kamera moja, maiki moja, taa hatuna. Tuliandika habari ya binti anayetoka kijijini kufanya kazi za ndani mjini, anapata mimba, anafukuzwa, anahangaika, mwishowe anafungua biashara na kumsamehe aliyemtesa. Msimamizi ameikataa, anasema ni kubwa mno. Tukikaa kutafuta wazo jingine tunaishia kubishana. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba wanangu. Msimamizi wenu yuko sahihi, lakini karatasi hizo msizitupe. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye kioo, kwa hiyo mna kurasa 7. Haziwezi kubeba miaka ya binti huyo, ila saa moja ya maisha yake zinaitosha kabisa. Chukueni asubuhi anayofukuzwa: anafunga begi, mama mwenye nyumba amesimama mlangoni anataka alikague kwanza. Binti anakataa kulifungua. Kuna nini ndani ya begi? Hapo mtazamaji haondoki.

Ousmane Sembène wa Senegal alifanya hivyo mwaka 1963 katika Borom Sarret, filamu ya dakika 20 hivi. Anamfuata mwendesha mkokoteni wa farasi jijini Dakar kwa siku moja tu. Ufukara wa mtu huyo, na mji uliogawanyika kati ya wenye nacho na wasio nacho, vyote vinaonekana siku hiyo, hasa polisi anapomnyang'anya mkokoteni katika mtaa ambao mikokoteni hairuhusiwi kupita. Maneno mengi ni mawazo yake yanayosikika juu ya picha. Nyinyi wenye maiki moja, itazameni kwa makini.

Sasa hayo mabishano. Mnabishana kwa sababu mnaanza kuongea kabla ya kuwa na vitu vya kuchagua, na anayetangulia kusema huwavuta wengine wote. Kaeni kimya dakika 20, kila mtu na karatasi yake. Msiandike mada kama rushwa au ukatili. Mada huzaa mahubiri, na wahusika wanabaki kutoa hotuba. Andikeni mahali mnapoweza kuingia na kamera bila kusumbuana na mtu: saluni ya shangazi, kibanda cha wakala wa pesa, chumba cha hosteli, baraza ya fundi cherehani. Chini ya kila mahali, mtu mmoja anayetaka kitu leo hii, na kinachomzuia. Kisha someni kwa zamu, na katika mzunguko huo asiwepo wa kusema "hiyo haiwezekani".

Tuchukue baraza ya fundi. Mteja amekuja kuchukua gauni lake siku moja kabla ya ahadi. Gauni limekwisha, lakini halipo: fundi amemwazima binti yake alivae kwenye mahafali, na yuko njiani kurudi. Fundi afanye nini? Anamwambia mteja asimame ampime upya. Anazungusha futi kiunoni, anaandika namba zilezile daftarini, anapima tena bega, huku macho yake yako barabarani. Uongo wote uko mikononi mwake, hamhitaji maneno mengi. Binti anapotokea kwenye kona amelivaa, mnaamua nyinyi: nani anamwona kwanza? Mimi ningempa mteja, kwa sababu hapo fundi anabaki peke yake hajui kwamba ameshajulikana. Wahusika watatu, mahali pamoja, mwanga wa mchana.

Mkibakiwa na mawazo matatu au manne, kila moja msimulieni mtu asiyesoma filamu, kwa sentensi mbili, kisha nyamazeni. Akiuliza "ikawaje?", lina uhai. Akisema "nzuri", liwekeni kando hata kama mnalipenda.

Mwisho futeni kwa ukali: kila tukio la usiku nje, kwa kuwa hamna taa, kila tukio ndani ya daladala inayotembea, maana maiki yenu itasikia injini kuliko mwigizaji. Na kabla ya kuandika neno la kwanza la skripti, nendeni mahali mlipopachagua saa ileile mtakayorekodi, msikilize kama jirani kuna mashine ya kusaga au muziki.