Maswali na Majibu: Kalunguyeye Si Wa Kuokotwa

Barua nyingi za safari hii zinamhusu kalunguyeye. Nimechagua zile zinazogusa jambo linalonikera kuliko yote, yaani mazoea ya kumtwaa mnyama huyu shambani na kumfungia ndani bila kujua anahitaji nini.

Nimemkuta kalunguyeye uani baada ya mvua, hapa Dodoma. Watoto wanataka tumfuge. Nimwekee wapi?

Usimweke popote, mwache. Kalunguyeye mzima anayetembea usiku hajapotea, bali anatafuta mende, mchwa, panzi na nyungunyungu, na ua wako umo katika njia zake za kila siku. Kama ni jike, huenda ameacha watoto kichakani ambao watakufa kwa njaa ukimfungia. Isitoshe, Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na Kenya ina yake ya mwaka 2013, na kote kuwili kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa. Mkitaka kumtendea wema, mfungeni mbwa usiku, na kabla ya kuchoma lundo la majani makavu, lipekueni kwanza, kwa maana humo ndimo anamolala mchana.

Je, naweza kumpa maziwa?

Hapana. Nimekwisha kulijibu swali hili katika safu hii, na bado linaletwa na watu ambao tayari wamemnywesha. Kalunguyeye mzima hawezi kumeng'enya sukari iliyomo katika maziwa ya ng'ombe. Huhara, na mnyama mwenye uzito wa gramu 300 hadi 600 hukaukiwa maji upesi mno. Mpe maji safi katika kisahani kizito.

Niko Toronto, na nilimnunua wangu kwa mfugaji. Asubuhi moja ya Januari nilimkuta wa baridi, amejikunja na hataki kuamka. Je, ni usingizi wa majira ya baridi kama wa wale wa Ulaya?

Ni hatari, wala si usingizi wa kuachwa uendelee. Kalunguyeye wanaofugwa Kanada na Marekani ni uzao wa wale wa Afrika waliosafirishwa kwa wingi hadi mwaka 1991, Marekani ilipozuia uingizaji wao kwa kuhofia ugonjwa wa miguu na midomo. Yule wa Ulaya hujiwekea mafuta ya kutosha kabla ya baridi kuingia, lakini huyu wako anayefugwa ndani hana akiba hiyo, na akizimika hivyo anaweza kufa. Mpashe joto polepole kwa kumweka kifuani ndani ya nguo zako, usimtie katika maji ya moto, kisha umpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Baada ya hapo, weka kipimajoto ndani ya kizimba chenyewe na uhakikishe joto linabaki kati ya nyuzi 24 na 29 usiku na mchana. Asiyeweza kulipia umeme wa kazi hiyo asimnunue kalunguyeye.

Analala mchana kutwa. Anaumwa?

Ni mnyama wa usiku. Mwache alale.

Nimnunulie mwenzake asiwe mpweke?

Hapana. Kalunguyeye huishi peke yake, na wawili katika kizimba kimoja huweza kuumizana vibaya.

Alinusa kiatu kipya, akakitafuna, akatoa povu na kujipaka miibani. Jirani anasema ni kichaa cha mbwa, tumuue.

Msimuue! Anapokutana na harufu ngeni, kalunguyeye hutafuna kile kitu hadi mate yawe povu, kisha hupinda shingo na kulipaka mgongoni kwa ulimi. Ndiyo tabia yake. Kinachopaswa kuwatia hofu ni mnyama anayeyumba, anayeanguka upande mmoja au anayeburuta miguu ya nyuma. Huyo apelekwe kwa daktari bila kuchelewa.

Nampa funza wakavu tu, na amenona hadi hawezi kujikunja.

Umemzidishia mafuta na kumnyima kalisi. Funza wawe kitoweo kidogo tu. Chakula chake cha kila siku kiwe cha paka, chenye protini nyingi na mafuta kidogo, pamoja na wadudu wa aina mbalimbali. Muwekee pia gurudumu la kukimbilia, lenye sakafu isiyo na matundu, la kipenyo cha sentimita 30 hivi.

Naweza kumwogesha dawa ya kupe ya ng'ombe?

Unaweza kumuua. Mwache daktari achague dawa na kipimo, hasa miiba ikidondoka na ngozi ikitoa magamba, kwani huenda ana utitiri.

Tunaosha vyombo vyake kwenye sinki la jikoni. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Kalunguyeye anayeonekana mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela katika kinyesi chake, na walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5, wazee na wagonjwa. Vyombo vyake vioshwe nje, kwa beseni lake mwenyewe; kila aliyemshika anawe kwa sabuni, na mtoto asimbusu wala asile huku amempakata.